47 na 62, ipi kubwa? Akili inapima namba nzima au inasoma tarakimu moja moja?

#1 Kichwa_Hesabu
Wakuu salaam. Kuna jambo linanikosesha usingizi, naomba tulijadili kwa uzito wake.

Chukua jozi mbili. Ya kwanza 42 na 57, ya pili 47 na 62. Zote tofauti yake ni 15, toa mwenyewe. Sasa ukimkalisha mtu mbele ya kompyuta ukamwambia abonyeze haraka upande wenye namba kubwa, jozi ya pili inamchelewesha na makosa nayo yanaongezeka. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, mwenyewe huwezi kuihisi, ila mashine inaiona na inajirudia mtu baada ya mtu. Walioonyesha hili ni Nuerk, Weger na Willmes mwaka 2001, kwa watu wazima wa Ujerumani.

Maelezo yao: kwenye 42 na 57 makumi yanasema 57 kubwa (4 kwa 5), mamoja nayo yanasema hivyohivyo (2 kwa 7). Kwenye 47 na 62 makumi yanasema 62 (4 kwa 6) afu mamoja yanavuta kwingine kabisa (7 kwa 2). Kwaiyo akili inapokea majibu mawili yanayogombana na lazima iamue kwanza lipi linyamaze.

Sasa kinachonishangaza, hapo mamoja hayana kazi yoyote! Ukishaona 4 na 6 kesi imekwisha, hiyo 7 na 2 unaisoma ya nini? Msimamo wangu ni kwamba kichwani hakuna kitu kinachoitwa 47, kuna 4 na kuna 7 wanaoishi jirani. Anayepinga aje na hoja.

#2 takwimu_tu
Napinga mkuu, na nina ushahidi wa zamani kuliko wako.

Mwaka 1967 Moyer na Landauer walitoa makala fupi kwenye jarida la Nature. Waliwapa watu tarakimu mbili mbili, 2 na 9, 8 na 9, n.k. wakapima muda wa kujibu. Kadiri namba zinavyosogeleana ndivyo mtu anavyochelewa. Kama tungekuwa tunasoma alama tu, 8 na 9 ni alama tofauti kabisa kama 2 na 9, kuchelewa kungetoka wapi? Maana yake namba inageuzwa kuwa ukubwa, afu ukubwa ndo unaolinganishwa.

Afu 1990 Dehaene, Dupoux na Mehler wakapanda kwenye tarakimu mbili. Mtu anaonyeshwa namba moja, anasema ni kubwa au ndogo kuliko 65. Sasa sikiliza, kama akili ingeangalia makumi tu basi 51 na 59 zingejibiwa kwa kasi ileile maana zote zinaanza na 5. Haikuwa hivyo. Muda unapanda taratibu kadiri unavyoisogelea 65, ndani ya kumi lilelile. Hiyo ni picha ya kitu kimoja kilichonyooka, kama mkanda wa fundi cherehani, 47 ina mahali pake na 62 ina mahali pake.

#3 ticha_darasa2
Nafundisha la pili hivyo nachangia nilichonacho. Ukiwatamkia watoto "mia moja ishirini na tano" kuna wanaoandika 100205, wengine 10025. Wanaandika kila neno walilosikia, wakimaliza wanakuangalia wanasubiri tiki. Na ukiwauliza mia moja ishirini na tano na mia mbili ipi kubwa, kwa mdomo wanapata vizuri kabisa! Ukubwa wanao. Mpangilio wa nafasi ndo bado.

Kwaiyo mi naona mnagombania vitu viwili tofauti. Ukubwa ni kitu kimoja na maandishi ni kitu kingine.

#4 Mwana_Mvita
Nyote mwazunguka. Mimi naona jambo ni jepesi: jicho hutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza huhesabu urefu, mwenye tarakimu nyingi ndiye mkubwa. Zikilingana urefu, watazama ya kwanza kushoto. Zikifanana wasogea ya pili. Hapo zinapotofautiana ndipo unapojibu, basi. Poltrock na Schwartz walilipima hili mwaka 1984 kwa namba ndefu na wakaona hivyo hivyo, kwamba watu hulinganisha tarakimu kwa zamu kuanzia kushoto.

Nikupe 583,214 na 583,941 utaniambia wewe umepima ukubwa mzima wa laki tano na themanini na tatu elfu na kitu? Watafuta panapotofautiana tu.

#5 Kichwa_Hesabu
@Mwana_Mvita nakubali kwa namba ndefu, ila maelezo yako yanakufa kwenye 47 na 62. Kama jicho linatoka kushoto na linasimama panapotofautiana, linasimama kwenye 4 na 6. Halifiki kwenye 7 na 2. Sasa ucheleweshaji unatoka wapi?

@takwimu_tu na wewe hivyohivyo, kama ni mkanda tu, umbali wa 15 ni 15. Kwa nini jozi moja ichelewe?

#6 takwimu_tu
Kwa sababu mkanda wenyewe haujagawanywa sawasawa mkuu. Kichwani 10 na 20 zimeachana kuliko 80 na 90. Kinachohesabika ni uwiano. 57 gawa kwa 42 ni 1.36. 62 gawa kwa 47 ni 1.32. Jozi yako ya pili imekaribiana zaidi kwa uwiano, lazima ichelewe, wala hakuna haja ya tarakimu kugombana.

#7 kokoto_75
Hapo chacha 🔥 nimevuta kiti

#8 BintiMrima
@takwimu_tu hoja nzuri lakini hao watu wa 2001 waliliona hilo mapema. Hawakutumia jozi moja, walitengeneza jozi nyingi sana wakazipanga makundi mawili, zinazokubaliana na zinazogombana, afu wakahakikisha makundi yamelingana kwa umbali wa kawaida, kwa umbali wa uwiano huo unaousema, na hata kwa ukubwa wa jumla wa namba. Jozi ya 42/57 na 47/62 ni mfano wa kuelezea tu. Ugomvi ulibaki palepale.

Ila na wewe @Kichwa_Hesabu usikimbilie kusema hakuna 47 kichwani. Ushahidi unasema tarakimu zinasomwa zote mbili kwa pamoja. Hausemi kwamba juu yake hakuna kitu kizima kinachojengwa. Wapo wanaosema vyote viwili vipo, tarakimu zinaingia kwa mlango wao na ukubwa mzima unaingia kwa mlango wake.

#9 takwimu_tu
Sawa dada kwa hilo la kupanga makundi nakupa. Lakini angalia tofauti ya kazi zenyewe. Dehaene namba moja iko kwenye skrini na 65 iko kichwani kwa mtu, ameikariri. Nuerk namba zote mbili ziko mbele ya macho. Zhang na Wang mwaka 2005 walizipima njia zote mbili wakaona zikiwa zote kwenye skrini watu wanapambanisha tarakimu na tarakimu, ila moja ikiwa kwenye kumbukumbu inashikwa nzima. Kwaiyo swali la "akili inafanyaje" halina jibu moja, inategemea umempa karatasi au umemwambia akumbuke.

#10 BintiMrima
Kuna wengine baada yao wakaonyesha namba moja kisha nyingine, kwa zamu, na ugomvi wa tarakimu bado ukaonekana. Usifunge mjadala.

#11 Leipzig_Swahili
Habari zenu. Niko Ujerumani na nashangaa ukurasa mzima hakuna aliyelitaja hili: Wajerumani wanatamka namba kinyume! 47 kwao ni "saba na arobaini", mamoja kwanza. Kwaiyo hao watu wa 2001 tangu utotoni masikio yao yanapewa 7 kabla ya 4. Lazima mamoja yawe na nguvu kichwani kwao. Mpime Mswahili mtaona kitu kingine.

Mwanangu kaanza shule hapa, ukimtamkia namba ya makumi anaandika tarakimu ya kulia kwanza, anaacha nafasi, anarudi kushoto kujaza makumi. Nilidhani ni yeye tu mpaka nikaona na wenzake. Na kuna utafiti wa 2009 kwa watoto wa Austria, wanaongea Kijerumani pia, karibu nusu ya makosa yao ya kuandika namba waliyotamkiwa yalitokana na huko kugeuza.

#12 Kichwa_Hesabu
Hii nimeipenda mkuu. Ila kikundi kilekile cha Nuerk kilirudi 2005 kikawalinganisha Wajerumani na wanaoongea Kiingereza, ambao wanatamka makumi kwanza kama sisi. Ugomvi upo kwa wote. Lugha inaongeza au inapunguza kidogo tu, haiufuti.

#13 Maskati_Mjini
Assalaam alaykum. Huku Muscat nina la kuongeza. Kiarabu nacho ni saba na arobaini, mamoja mwanzo. Na sisi Waswahili tumechukua ishirini, thelathini, arobaini mpaka tisini kutoka kwao lakini mpangilio hatukuuchukua, tumebaki na makumi mbele. Mtoto wangu shuleni Kiarabu nyumbani Kiswahili, anageuza kichwa mara kadhaa kwa siku na halalamiki.

Tena maandishi yao yanatoka kulia kwenda kushoto ilhali ndani ya namba mamoja yako kulia vilevile kama kwetu. Ina maana macho yakitoka kulia yanaanza na mamoja, na mdomo unaanza na mamoja. Kwao vinaoana. Sisi tukisoma kutoka kushoto tunaanza na makumi na mdomo makumi, navyo vinaoana. Mjerumani ndiye mwenye taabu, jicho kushoto mdomo kulia.

#14 Msee_wa_Ngong
Sema Maskati hapo umegusa kitu noma. Kuna ile ya mikono mnaijua? Dehaene, Bossini na Giraux 1993. Unaambiwa tu useme kama namba ni shufwa au witiri, ukubwa haukuhusu hata kidogo, lakini namba ndogo unazibonyeza fasta na mkono wa kushoto, kubwa na wa kulia. Ni kama namba zimejipanga kichwani kushoto kwenda kulia. Alafu 2009 Shaki, Fischer na Petrusic wakapima Wakanada, Wapalestina na Waisraeli. Wakanada kushoto kwenda kulia. Wapalestina ikageuka, kulia kwenda kushoto. Waisraeli, ambao maneno wanasoma kutoka kulia na namba kutoka kushoto, haikuonekana upande wowote wa maana.

Kwa hivyo huo mkanda wa takwimu_tu hata kama upo, hatujazaliwa nao ukiwa umelala upande fulani. Kusoma ndio kunaulaza.

#15 MzeeChungwa
Vijana mmesoma. Mimi nauza mitumba na nina mama jirani yangu sokoni, kusoma hajui, na pesa hajawahi kuibiwa. Noti yeye anajua kwa rangi. Nyekundu elfu kumi, zambarau elfu tano, bluu elfu. Ukimwekea mafungu mawili mezani anakwambia lipi kubwa kabla wewe hujamaliza kuhesabu. Hana tarakimu kichwani huyo. Sasa hiyo tarakimu na tarakimu kwake inaingiaje?

#16 Jangwani_Damu
Mzee hapo kwenye nyekundu ungesema tu "msimbazi" tujue unashabikia timu gani 😂

#17 MzeeChungwa
Elfu kumi haina timu kijana, ila ikiwa nyekundu inapendeza zaidi.

#18 ticha_darasa2
Mzee ametoa hoja kubwa msiipite. Huyo mama analinganisha wingi. Na wingi hata wanyama wanao. Serengeti kwetu hapa, McComb, Packer na Pusey mwaka 1994 waliandika kuhusu simba jike waliowachezea sauti za ngurumo kwenye spika. Wakisikia mgeni mmoja ananguruma wanamfuata. Wakisikia watatu wanasita, na wakiwa wengi wao wenyewe ndo wanasogea. Wanapima sisi wangapi wao wangapi.

#19 takwimu_tu
Asante ticha ila tuweke mpaka. Simba anapima moja na tatu kwa sikio. Hiyo ni idadi ya vitu. Mada hapa ni tarakimu, mfumo ambao alama ileile ya 7 ni saba au sabini au mia saba kutegemea imekaa wapi. Hakuna mnyama mwenye hicho. Huyo mama wa mzee naye yuko katikati, noti zake zina thamani kwa rangi, nafasi haina maana kwake.

#20 dalali_magari
Wakuu nimechelewa, mi sina vitabu nina biashara. Naagiza magari yaliyotumika kutoka Japan. Gari ikisoma kilomita 79,800 mteja anasema "hii ipo kwenye sabini". Ikisoma 80,300 anasema "hii imeshaingia themanini" na uso unabadilika. Tofauti ni kilomita mia tano! Ni Dar Moro kwenda na kurudi na kidogo juu yake. Lakini bei hapo inasimama na mteja anaondoka. Hiyo ni tarakimu ya kushoto imemshika, full stop.

#21 BintiMrima
Dalali umesema kitu ambacho kimepimwa kabisa. Lacetera, Pope na Sydnor 2012, Marekani, walichukua mauzo zaidi ya milioni 22 ya magari yaliyotumika kwenye minada. Bei inashuka polepole kadiri maili zinavyopanda afu kila ikivuka elfu kumi inadondoka ghafla. Magari ya maili 79,900 mpaka 79,999 yaliuzwa karibu dola 210 zaidi ya yaliyoingia 80,000 hadi 80,100. Lakini ukiyalinganisha na ya 79,800 na kitu, tofauti ni kama dola 10 tu.

Na ile ya madukani, 9,900 badala ya 10,000, ndo hiyohiyo. Thomas na Morwitz 2005 walionyesha kwamba 2.99 inaonekana ndogo sana kuliko 3.00 ila 3.59 na 3.60 watu hawaoni tofauti hiyo. Senti ni ileile moja. Kinachobadilika ni tarakimu ya kushoto.

#22 Mwana_Mvita
Sasa si ndiyo nnayosema tangu #4! Kushoto kwanza!

#23 Kichwa_Hesabu
Hapana ndugu yangu, kushoto kuna uzito zaidi, hiyo sawa kabisa. Ila kwenye bei za magari ndani ya kila elfu kumi bado bei inateremka, maana yake tarakimu za kulia zinasomwa pia, zinapewa uzito mdogo tu. Ni zote pamoja, kila moja na sauti yake. Kuna kazi ya 2012 ya Meyerhoff na wenzake kuhusu tarakimu nne na sita, wakaona ni mchanganyiko, mtu anavunja namba ndefu mafungu, ndani ya fungu tarakimu zinasomwa kwa pamoja, fungu kwa fungu kwa zamu. Kwaiyo wewe na mimi tumegawana.

#24 takwimu_tu
Mi hilo la magari silipokei kirahisi kama ushahidi wa akili. Wanunuzi wengi wanatafuta mtandaoni kwa kuchuja, "chini ya 80,000". Gari ya 80,050 haitokei kabisa kwenye orodha. Huo ni mpangilio wa tovuti, wala hakuna ubongo uliolinganisha chochote.

#25 dalali_magari
Mteja wangu haingii tovuti boss. Anakuja yadi, anachungulia dashibodi, anakunja uso. Namuona kwa macho yangu.

#26 Lushois243
Bandugu jambo, mi niko Lubumbashi. Huku pesa tunahesabu sana na Kifaransa, hata mama ya soko. Na siye tunasema septante (sabini) na nonante (tisini) sawa Babelgiji, hatuseme "sitini na kumi" kama ba Ufaransa. Kuna balifanya recherche na batoto ba Ubelgiji na ba Ufaransa, ba Ufaransa ndo balikosea mingi kuandika sabini na tisini. Kwa hiyo lugha iko na kazi, Kichwa_Hesabu usiishushe sana.

Lakini mi nataka kuongea juu ya namba kubwa. Siye tuliona zaïre, pesa ya hapa ya zamani. Mu 1993 balileta zaïre mupya, moja sawa na milioni tatu za zamani. Mu 1998 faranga ikakuja, moja sawa na zaïre mupya laki moja. Piga hesabu, faranga moja ni zaïre za kwanza bilioni mia tatu. Mtu mukubwa mwenye alipita mu ile yote, ukimwambia "milioni" anaona nini mu kichwa? Mbele ya 1993 milioni zilikuwa za kununua bitu bya soko.

#27 ticha_darasa2
Lushois umenifungua. Maana sisi tunazungumza kana kwamba elfu kumi ina ukubwa wake wa kudumu kichwani, kumbe pesa ikibadilika na ukubwa unahama.

#28 Kichwa_Hesabu
Na hapo kwenye namba kubwa ndo kwenye shida halisi ya nchi, naomba msinichoke. Landy, Silbert na Goldin mwaka 2013 waliwachorea watu mstari, mwanzo elfu moja, mwisho bilioni moja, wakawaambia wekeni alama ya milioni. Sehemu kubwa ya watu, watu wazima waliosoma, waliiweka karibu na katikati! Sasa kama mstari una urefu wa mita moja, milioni inatakiwa ikae milimita moja tu kutoka mwanzo. Moja. Kwa macho ni kama imekaa juu ya elfu.

Kwa nini katikati? Kwa sababu wanasikia elfu, milioni, bilioni kama ngazi tatu zinazolingana. Hawajapima chochote, wamehesabu maneno.

Bajeti yetu Tanzania ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Ukisikia hivyo inakufanya nini ndani? Kwangu mimi haifanyi kitu. Lakini igawe kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022, inakuja karibu laki nane kwa kila kichwa, mtoto mchanga humo. Laki nane naijua. Laki nane naweza kubishana nayo, naweza kuuliza imekwenda wapi. Naamini kwa dhati kila redio ikitaja trilioni ingetakiwa iseme na ya kichwa kimoja.

#29 Msee_wa_Ngong
Hiyo ya mwisho nakusapoti mia kwa mia. Hata huku kwetu mtu anaskia "bilioni mbili zimepotea" na "bilioni ishirini zimepotea" na hasira ni ile ile moja.

#30 takwimu_tu
Ngoja, hiyo ya mstari inanisaidia mimi wala haikusaidii wewe 😄 Watoto wadogo ukiwapa mstari wa 0 mpaka 1000 wanaiweka 150 mbali sana kulia, namba ndogo wanazitanua na kubwa wanazibana. Siegler na Opfer waliliandika 2003. Na mwaka 2008 Dehaene na wenzake walikuta watu wazima wa Mundurukú, kule Amazon Brazil, wanafanya hivyo hata kwa namba za moja mpaka kumi. Ndo ule mkanda uliobanwa niliousema. Shule inaunyoosha mpaka mia, mpaka elfu, kwenye milioni shule haijafika, basi unabaki umebanwa.

#31 BintiMrima
Au hakuna mkanda uliobanwa. Barth na Paladino walisema 2011 kwamba mtoto kwenye mstari anakadiria sehemu ya kitu kizima, anatazama mwisho ni ngapi, na kama mwisho haujui vizuri anapotea. Michoro inafanana na ya kubana ila sababu ni nyingine. Hata ile ya namba kubwa kuchelewesha zaidi ya ndogo zenye tofauti ileile, kuna wanaosema ni kwa kuwa 2 na 3 tunakutana nazo kila siku kuliko 8 na 9. Mazoea. Takwimu_tu unabeba kila kitu unaweka kwenye mkanda wako.

#32 kokoto_75
Binti kamkata takwimu kwa takwimu 😅

#33 Maskati_Mjini
Mmesahau nukta. Huku rial moja ni baisa elfu, kwa hiyo bei zinaandikwa tarakimu tatu baada ya nukta. Kitu kimeandikwa 12.500, maana yake rial kumi na mbili na nusu. Mgeni kutoka Unguja anaona elfu kumi na mbili na mia tano, anashtuka, anarudisha nguo kwenye henga. Urefu ndio uliomtisha kama alivyosema Mwana_Mvita, tarakimu tano ni tano.

#34 Leipzig_Swahili
Na huku ndo kabisa, 12.500 ni elfu kumi na mbili na mia tano kweli, nukta yao ndo mkato wetu.

#35 Jangwani_Damu
Hii ya nukta imenikumbusha 2024 watu walivyosambaza majibu ya programu za akili mnemba zikidai 9.11 ni kubwa kuliko 9.9. Watu wakacheka, lakini waulize watoto 0.65 na 0.8 ipi kubwa, wengi watasema 0.65 kwa kuwa 65 inaishinda 8.

#36 ticha_darasa2
Darasa la nne na la tano hilo lipo sana, wala msiwacheke. Mtoto amefundishwa miaka mitatu kwamba ndefu ndo kubwa, na ilikuwa kweli kila siku. Siku moja unaweka nukta na sheria inageuka. Mi nawaambia waongeze sifuri, 0.80 na 0.65, urefu ukilingana wanaona wenyewe. Ila sijui kama hapo wameelewa ukubwa au nimewasaidia kulinganisha tarakimu tu, na hilo linaniuma kama mwalimu.

#37 Kichwa_Hesabu
Ticha, nina wazo, kuna kitu hapa hakijaguswa. Karibu yote tuliyotaja ni namba za kusoma kwa macho. Vipi za kusikia? Kwa Kiswahili makumi yanafika sikioni kwanza. Nikikutamkia "arobaini na saba" na "sitini na mbili", ukishasikia "sitini" jibu unalo, mamoja bado hayajatoka mdomoni mwangu. Kwa nadharia ugomvi unatakiwa ufe. Kwa Mjerumani au Mwarabu unatakiwa uwe mkubwa kweli maana saba na mbili zinatangulia.

#38 BintiMrima
Swali zuri kuliko lote tangu #1. Mi natabiri utapungua lakini hautaisha.

#39 takwimu_tu
Mi natabiri utaisha kabisa, kwa sababu namba ya kwanza itabidi ishikwe kichwani wakati unasubiri ya pili, na ikishikwa kichwani inashikwa nzima. Rudi #9.

#40 Mwana_Mvita
Inategemea umechanganya jozi gani humo. Ukiweka 47 na 62, 31 na 85, 26 na 54 peke yake, mtu atajua baada ya muda kwamba makumi yatosha, masikio atayafunga mapema. Lakini tia humo jozi kama 53 na 58, 71 na 76, atalazimika kusikiza mpaka neno la mwisho, na akishasikiza mpaka mwisho mamoja yashaingia, hayatoki. Ticha, wewe una darasa, tia nusu kwa nusu uwatamkie kisha utwambie.

#41 ticha_darasa2
Nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu kwanza. Naanza na zisizozidi hamsini, maana wengine wangu sabini na tisini bado wanazichanganya.